Jasho la Shemeji

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa kepteni wa timu ya shamba la kahawa kule Ruiru, na nilikuwa mtu wa kelele. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinihurumie bure. Wengi wetu wachumaji tulitoka magharibi, na mpira wa Jumapili ndio uliotufanya tujione watu. Winga wetu wa kulia alikuwa shemeji yangu, ndugu wa pekee wa mke wangu, naye alikaa kwetu. Alikuwa na mbio za kuudhi. Akishakupita, aligeuka kukucheka.

Homa iliyoizunguka dunia mwaka ule ilitufikia wakati wa baridi. Shemeji alilala siku nne, akiweweseka. Dawa tuliijua: sufuria ya majani ya mkalitusi yanayochemka, mgonjwa ajifukize chini ya mablanketi mpaka jasho limtiririke. Hata aliyepona tulimtafutia jasho la mwisho, kwa jembe au kwa mbio, ili mabaki ya homa yasimrudie. Hakuna daktari aliyetufundisha hivyo, lakini jaribu kubishana na kambi nzima.

Jumapili ya mechi yetu na kiwanda kimoja cha Thika nilibaki na watu kumi, wengine wote wamelala. Shemeji alikuwa ameinuka kitandani jana yake tu. Asubuhi, mke wangu akikoroga uji, nilimwekea viatu vyake miguuni.

“Shemeji, hii kifua inanifinya,” akasema. “Hata kwenda choo nachoka.”

“Hiyo ni homa inatafuta mlango. Wewe kimbia, utoe jasho. Kuugua si kufa.”

“Si umwache leo?” mke wangu akasema.

Nikamwambia mpira si mambo ya jikoni. Shemeji akacheka, akavaa viatu.

Lori ya shamba ilitupeleka Thika. Alicheza vizuri, na hilo linaniuma kuliko kama angecheza vibaya. Baadaye nilimwona amesimama, ameshika magoti, midomo imebadilika rangi. Nikampigia kelele, “Kimbia! Si unaona jasho inatoka!” Akakimbia. Kipindi cha pili, mpira ukiwa upande mwingine kabisa na hakuna aliyemgusa, alianguka kifudifudi. Nilidhani anaiba muda wa kupumzika, nikamtukana mbele ya watu wote.

Tulipomgeuza, macho yalikuwa wazi. Hata hapo ujinga wetu haukutuacha. Tulivua makoti tukamrundikia, mchezaji mmoja wa Thika akaleta blanketi, tukachuchumaa kumzunguka tukingoja atoke jasho. Tulingoja hivyo mpaka mhudumu wa zahanati ya kiwanda alipofika, akamgusa shingo, akatuambia tumfunike na uso.

Tulimzika Ruiru. Kwenye matanga watu walisema sikio la kufa halisikii dawa, eti kijana alikataa kupumzika. Niliwaacha waseme. Sikio lake lilikuwa zima kabisa. Lilinisikia mimi.

Mama yake alifika kutoka nyumbani siku tatu baada ya mazishi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja, kwa hiyo yeye alikaa nje, ameegemea ukuta, nami nikakaa ndani karibu na mlango. Nilishukuru kwamba mila inanificha. Alilia kidogo, akanyamaza, kisha akaniuliza kupitia ukuta.

“Baba, siku ile ya mpira mtoto alikuambia anaumwa?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelikariri siku tatu, pamoja na kuomba msamaha.

“Hapana, mama,” nikasema. “Hakuniambia kitu.”

“Basi Mungu akubariki. Hata kama amekufa mbali, amekufa mikononi mwa mtu wake.”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni katikati yetu, ameshika kikombe cha chai cha mama yake. Alinitazama. Nilitaka aseme, naapa nilitaka, maana mimi singeweza tena. Mama yake alimwona anavyonitazama, akamuuliza naye.

“Na wewe? Hakukuambia?”

Mke wangu akainama, akamwekea chai mkononi, akamfunga vidole kimoja kimoja kwenye kikombe.

“Hakusema, mama,” akajibu. “Alikuwa mzima.”