Beti Tatu Zilizobaki

Mwalimu wetu wa ushairi ametupa kazi ya kufungia mwaka: kila mwanafunzi aandike namna ushairi ulivyomkuza. Wenzangu wamefurahi, maana kuandika habari zako mwenyewe hakuhitaji maktaba. Mmoja ameshaanza kwa kusema ushairi umemfanya awe mtu bora, na naona atapata alama nzuri, kwa sababu mwalimu anapenda watu bora. Mimi nimekaa na karatasi tupu kwenye chumba tulichopanga na baba huku Gongo la Mboto, yeye kwenye kitanda chake, mimi kwenye changu, pazia katikati, na sijui niandike nini kisichokuwa uongo.

Kweli, ushairi ulinikuza. Nianzie hapo nisije nikaonekana sina shukrani.

Nilikuwa mtoto mwenye kigugumizi. Si kile cha kurudia silabi mara mbili ukaendelea na safari. Changu kilikuwa kinafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Nikitumwa dukani nilikuwa naonyesha kwa kidole, na siku ambayo mwenye duka alikuwa ameuweka unga chini ya meza nisiuone, nilirudi nyumbani na chumvi. Watoto wa mtaani walisema mie ni redio iliyoishiwa betri. Mama alikuwa ananiombea kanisani. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kuomba sana, alinitegea sikio.

Baba alikuwa karani wa ghala, mtu wa bara aliyekuja Dar akiwa kijana na kukipenda Kiswahili kuliko waliozaliwa nacho. Kipindi cha mashairi redioni hakikumpita. Akisikiliza, vidole vyake vilikuwa vinagonga goti kuhesabu mizani, na mshairi akizidisha silabi moja, baba alikuwa anakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nikirudia mashairi ya redioni sikwami. Akaniketisha mbele yake barazani, akaanza kugonga: nane, pumzi, nane.

"Usihangaike kusema," aliniambia. "Fuata vidole vyangu tu."

Nikafuata. Toka siku hiyo nikawa mtu mwenye sauti, ilimradi kuna mizani. Shuleni, kabla ya kunyoosha mkono, nilikuwa naupanga kwanza mdomoni usemi wangu, nane na nane, ndipo nisimame. Walimu wakaniona binti mwenye kutafakari. Nilipochaguliwa chuo kusomea Kiswahili, baba alichinja jogoo akawaita majirani, akawaambia mwanawe anakwenda kusomea vidole vyake. Hawakumwelewa, ila walikula.

Nyumba yetu ilikuwa bondeni, upande wa Temeke: vyumba vitatu na baraza. Baba aliijenga kidogo kidogo miaka yote ya kazi yake, na mama alifariki kabla haijapigwa lipu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni walipokuja vijana waliovaa vizibao vya kung'aa, wakapaka X nyekundu kwenye kila ukuta wa safu yetu. Ya kwetu waliipaka barazani, pale pale baba alipozoea kuegemea. Hakuhama. Aliegemea rangi ikiwa mbichi, shati lake jeupe likabaki na doa mgongoni ambalo sabuni zote zilishindwa kulitoa.

Ulikuwa mradi wa mfereji mkubwa. Tukaambiwa nyumba zenye X zitabomolewa, na wengi wetu hatuna hati, kwa hiyo tusitegemee fidia yoyote. Baadaye ikaja habari iliyotuamsha: mgeni rasmi atakuja mtaani kuuzindua mradi, na mkubwa huyo akitamka neno moja, mfereji unaweza kupindishwa kidogo upite kwenye uwanja wa wazi, nyumba zikabaki. Shida ni kwamba ratiba ya uzinduzi haikuwa na nafasi ya mwananchi kusema. Ilikuwa na sala, utambulisho, hotuba na burudani. Mwenyekiti wa mtaa akaja kwetu jioni, akakaa kwenye kigoda, akamgeukia baba.

"Mzee, binti yako si anasomea mashairi? Basi sie tutasemea kwenye burudani."

Nilijiona mtu. Sitaficha. Miaka yote ile ya kuonyesha kwa kidole, halafu safu nzima ya nyumba inakuja kukaa barazani kwetu kuniomba niwasemee.

Mimi nilitaka shairi lianze na ile X. Baba akakataa, na kwa upole.

"Mwanangu, mtu mzima humdaki mlangoni na shida zako. Unamkaribisha, unampa kiti, unampa maji ya kunywa. Akishatulia ndiyo unamwambia."

Sikubishana naye, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo mashairi yote aliyonifundisha yalivyoanza: salamu mbele, haja nyuma. Tukatunga beti saba. Nne za kumkaribisha mgeni, tatu za kumweleza. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Salamu nakupa kwanza, kwa heshima na adabu,
Mila yetu twaitunza, mgeni kwetu thawabu,
Kwa furaha tunaanza, kusema kwa taratibu,
Pita uingie ndani, mgeni wetu karibu.

Kibwagizo hicho alikitunga baba mwenyewe, na alijivunia. Nilikuwa nafanya mazoezi barazani kila jioni, yeye akigonga goti, na watoto wa mtaa wakajazana kuitikia. Baada ya muda walikuwa wanakiimba wakicheza, wakichota maji, wakirudi shule. Waliokuwa wakiniita redio mbovu walishakuwa wakubwa, na wadogo zao sasa walikuwa wananishangilia.

Siku ya uzinduzi turubai lilifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, na spika zilikuwa kubwa kuliko choo chetu. Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo ada yao, tukapikwa na jua hadi alipofika. Alikuwa mtu mwenye uso wa kupendeza na tabasamu la kweli. Ningependa kusema alikuwa na sura mbaya, ingenisaidia.

Nikapewa kipaza sauti. Baba alisimama nyuma ya kiti, safu ya kati, nikamwona vizuri. Nikaanza, na sauti ikatoka safi mpaka nikajishangaa. Ubeti wa kwanza, umati mzima ukaitikia kibwagizo. Wa pili, kina mama wakaanza vigelegele. Wa tatu, mgeni rasmi akacheka kwa furaha, akasimama, akaanza kuja mbele taratibu kwa mwendo wa kucheza, noti mkononi, kuja kunituza.

Mgeni rasmi akisimama, nani anabaki kwenye kiti? Meza kuu yote ikainuka nyuma yake. Wakubwa wakajipanga mstari, mmoja ananiwekea noti kwenye kilemba, mwingine ananipangusa jasho kwa leso yake, mama mmoja akanifunga kanga mabegani. Nikaumaliza ubeti wa nne ndani ya kelele hizo, nikavuta pumzi niingie wa tano, ambao ndio ulikuwa unaanza kutaja nyumba. Mpiga muziki akadhani nimemaliza, akafungulia singeli. Uwanja ukalipuka. Mshereheshaji akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Jamani, shairi hilo! Muda hautoshi, tumpigie makofi sista yetu!"

Nilitaka kumwambia bado. Neno moja, silabi mbili, ambalo mtoto wa chekechea analisema. Nikafungua mdomo. Hakukuwa na mizani tena, kulikuwa na singeli, na mlango ule wa zamani ukafungwa.

"Ba," nikasema. "Ba, ba, ba."

"Mnaona?" mshereheshaji akawaambia watu. "Furaha imemzidi, anamwita baba yake!"

Wakacheka kwa upendo. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa anagonga mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, kwa nguvu, vidole vyote, nane, pumzi, nane, akinitazama mdomoni. Nilimwona akigonga. Sikumsikia. Spika zile zilikuwa zinatetemesha hata meno.

Kisha mgeni rasmi akahutubia. Alisema amezunguka sehemu nyingi na kote anapokewa kwa malalamiko, ila hapa kwetu amepokewa kwa shairi. Alisema hiyo ni dalili kwamba wananchi wenyewe wameukubali mradi na wanamwambia aingie. Akakirudia kibwagizo kwa sauti yake nzuri, na watu wakaitikia kwa mazoea, nikiwamo mimi. Nilikiitikia kibwagizo chetu kwa moyo uliokufa, lakini nilikiitikia.

Hakuna aliyenilaumu. Laiti wangenilaumu. Majirani walisema nilipendeza. Video ilizunguka kwenye simu za watu hadi ndugu zetu wa bara wakapiga kupongeza. Wiki iliyofuata tulikwenda mimi na baba kwenye ofisi ya mradi, beti tatu zilizobaki nikiwa nimezichapa vizuri, na kijana wa mapokezi akanitambua kabla sijakaa.

"Shikamoo mzee. Sista, si wewe uliyetukaribisha? Bosi anaipenda sana ile klipu."

Akapokea karatasi yetu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaiweka juu ya nyingine. Baba alimshukuru. Tulipofika bondeni alisema tu kwamba yule kijana ana adabu.

Chuoni niliwasilisha beti hizo tatu kama zoezi langu la muhula, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kutunga nyingine. Mwalimu alizisoma mbele ya darasa. Alisimama kwenye ubeti huu:

Rangi nyekundu wapaka, hutaji hata sababu,
Wazee wameshachoka, wapi waanze taabu,
Kabla hatujabomoka, tunakuomba jawabu,
Pita uingie ndani, mgeni wetu karibu.

Akasema tazameni, ubeti unajitosheleza, hauhitaji kitu kingine nje yake. Darasa likaandika hivyo. Nilipata alama ya juu kuliko wote, na siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba ninaweza kuwa mshairi mzuri maisha yangu yote na lisitokee jambo lolote. Sijapata sababu ya kubadilisha mawazo. Nimekua, ndiyo. Siku hizi naweza kusimama mbele ya watu, naweza kusoma shairi la mtu nikajua anaogopa nini, naweza kukaa kimya na baba saa nzima tukaelewana. Vyote hivyo nimevipata. Ila sioni nimpelekee nani, na baba redio yake haifungui tena. Ameiweka juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Katapila lilikuja asubuhi ya jua zuri. Tulikuwa tumeshatoa milango, madirisha na mabati, na kochi letu lilikuwa nje, chini ya mwembe wa jirani, baba ameketi juu yake amevaa lile shati lenye doa kwa sababu mengine yalikuwa kwenye mabegi. Mimi nilikaa pembeni yake. Mashine ilitokea juu barabarani, ikashuka bondeni polepole, na mbele yake watoto walikuwa wanakimbia.

Walikuwa wanaimba. Hawakuwa na nia mbaya, naapa. Walijua tu kwamba kikija kitu kikubwa mtaani, kuna wimbo wake, na wimbo huo walifundishwa kwenye baraza letu. Wakakimbia mbele ya lile jichuma wakipiga makofi, wadogo kwa wakubwa, wengine hata nguo hawana: Pita uingie ndani, mgeni wetu karibu. Dereva akawapungia mkono, akapiga honi kuwaitikia. Mashine ikageuka kwenye uchochoro wetu, ikainua mkono wake, ikausogelea ukuta wa baraza.

Nilitaka kuwaambia wanyamaze. Mdomo haukufunguka.

Nikageuka kumwangalia baba, nikijiandaa kwa machozi yake. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa kwenye ile X, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti. Vidole vilikuwa vinagonga. Vilikuwa vinawahesabia watoto mizani, nane, pumzi, nane, na uso wake haukukunjika hata mara moja, kwa sababu hawakukosea.