Nilivyoitafuta Pua Yangu kwa Espreso

Pua yangu iliondoka na mafua ya kawaida kabisa, yale ya kunywa chai ya tangawizi na kulala mapema. Niliugua siku chache, nikapona, nikarudi kazini, nikainamia kikombe cha kwanza cha asubuhi kama ninavyofanya siku zote. Sikusikia harufu yoyote. Nikainamia cha pili. Kimya. Maji ya moto tu yananipuliza usoni.

Leo nacheka nikisimulia, namshukuru Mungu kwamba nacheka, lakini siku ile sikucheka. Kazi yangu ni kuonja kahawa. Magunia yakifika ghalani kutoka vijijini, mimi na wenzangu tunachukua kidogo, tunakaanga, tunasaga, tunamwagia maji ya moto, kisha tunapita na vijiko tukivuta kwa kelele na kutema. Hii ina ukungu. Hii ilianikwa chini, inanuka udongo. Hii safi. Kahawa ya watu inapanda au inashuka daraja kwa neno langu, na neno langu linatoka puani. Ulimi peke yake hauna mambo mengi. Unajua uchungu, uchachu, utamu na chumvi, basi, yaliyobaki yote ni pua. Na mimi nina miaka hamsini na ushee, kazi nyingine siijui.

Nilisema kichwa kinaniuma. Nikaomba likizo yangu yote ya mwaka, nikaipata, nikajiapia kwamba likizo ikiisha pua haijarudi, nitakwenda kwa mkuu wangu nimwambie nimekwisha. Kuonja kahawa ya watu kwa kubahatisha, hapana. Hilo nisingeweza.

Daktari aliniambia ninuse karafuu, limau na kahawa kila siku, na nisubiri. Inaweza kurudi, akasema, na inaweza isirudi. Mume wangu sikumwambia, na mama yangu aliyeko Buganguzi, ninayemtembelea kila wiki, naye sikumwambia. Utamwambia nini mume wako? Kwamba hata yeye mwenyewe humsikii tena harufu yake, analala hapo ubavuni kama mtu wa kwenye picha? Nilinyamaza.

Sasa kunyamaza si tabia yangu. Mimi ni mtu wa kelele, na kelele zangu nyingi ni za chakula. Samaki huyu ni wa jana. Mafuta haya mmeyarudia mara ngapi? Mchele unanuka gunia. Maziwa yaliyoungua ndiyo usiseme, tangu mtoto siwezi hata kukaa chumba kimoja nayo. Pua ilipoondoka, kelele zote ziliondoka nayo. Nikawa nakula kila kilichowekwa mezani, nasema asante.

"Siku hizi umekuwa mpole, mama watoto," mume wangu aliniambia jioni moja, akiniangalia kwa muda mrefu.

Nikasema moyoni, furahi tu, baba, starehe yako imefika.

Karafuu niliinusa mpaka nikaichukia. Ndipo hasira zikanipanda. Pua hii imelala, nikajiambia, na haitaki kubembelezwa, inataka kofi. Na katika mambo yote ya kahawa, hakuna kofi kama espreso, kahawa nzito iliyobanwa ndani ya kikombe ambacho mtoto angeweza kupikia chakula cha mdoli. Ofisini nisingeweza kwenda, wangenigundua. Nyumbani mashine sina. Basi nikaanza kuzunguka mjini.

Zamani ungetafuta espreso Bukoba mpaka soli za viatu ziishe. Sisi ndio tunaolima kahawa, na sisi hao hao ndio tunaokunywa chai. Mgeni akija tunampa akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa, atafune. Akitaka kitu cha kunywa, chai ya maziwa. Hotelini ukiagiza kahawa unaletewa maji ya moto na kopo la unga, ujikorogee mwenyewe. Siku hizi, ahsante yao, wapo watu waliofungua vijiduka vyao wenyewe, na mashine za mitumba zinazokohoa kama trekta, na wengine wanaitengeneza vizuri kweli. Nilikuwa nimewasikia kwa wenzangu. Nikawafuata mmoja mmoja.

Cha kwanza kilikuwa karibu na ziwa. Nikaletewa kikombe, nikakiinamia, nikafumba macho, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hakuna. Nikanywa. Uchungu na joto, basi, kana kwamba nimelamba tako la sufuria. Nikaweka hela mezani nikaondoka bila neno. Kesho yake nikaenda kingine, juu ya soko. Nikafanya vile vile. Na kingine.

Sikujua kwamba nawatia watu hofu. Mwanamke wa makamo, mkoba mkubwa begani, anaingia peke yake, anaagiza espreso, ananusa kikombe kama anatafuta sumu, hasemi kizuri wala kibaya, anaondoka. Habari ikanitangulia mjini. Nilipoingia kwa mama mmoja wa Kiislamu, watu wake wana asili ya Pwani na wameuza kahawa ya birika hapa Bukoba tangu enzi za babu zao, alitoka jikoni mwenyewe akajifuta mikono.

"Mama yangu," akasema, "kama umetoka serikalini sema tu. Leseni ninayo, na kodi nimelipa."

"Hata! Mimi mteja tu."

"Sasa mbona unanusa hivyo?"

"Napenda kunusa."

Akanitazama, akatazama kikombe, akanitazama tena. "Haya, karibu. Nusa," akasema, akarudi jikoni, na nikamsikia huko ndani akimwambia mtu kwamba dunia ina mambo.

Kijiduka cha mtaa wa Hamugembe nilikuwa nimekiweka akiba. Wenzangu wote kazini wanakisifu, na mimi mwenyewe niliwahi kunywa pale kabla ya mafua na sikupata la kulaumu, jambo ambalo kwangu ni nadra. Mashine iko barazani, migomba imekuzunguka pande zote. Meza ya jirani walikaa wauguzi wawili waliotoka zamu. Mmoja alionja, akashika kifua. "Aisee! Kama chokoleti," akasema. Nikakiangalia kikombe changu, kahawa ile ile, mashine ile ile, povu zuri la rangi ya asali. Nikanusa. Nikanywa yote. Jamani, nilimchukia yule muuguzi, masikini, hajanikosea lolote.

Nikatoka, nikasimama kati ya migomba, nikalia kwa sauti. Bodaboda aliyekuwa amenileta alikuwa bado ananisubiri. Akashuka, akavua kofia ngumu.

"Mama, umefiwa?"

Ningemwambia nini? "Ndiyo," nikasema.

"Pole sana, mama. Ni nani?"

"Mtu wa karibu," nikasema. "Wa karibu sana."

Hakuuliza tena. Aliniendesha mpaka nyumbani polepole, anakwepa kila shimo, anawapungia wenzake wasipige honi.

Ijumaa ya mwisho ya likizo niliamua kwenda Buganguzi kwa mama. Jumatatu ningesimama mbele ya mkuu wangu, na nilitaka mama awe wa kwanza kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nilipanda gari hadi Muleba. Pale niliposhuka kutafuta bodaboda ya kunifikisha kijijini, mvua ikamwagika, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona wazi, nyuma ya duka la vipuri. Kumbe ni kijiduka cha kahawa. Kuna mashine ndogo iliyochubuka ubavuni, na mwanamume wa miaka thelathini hivi, kofia iliyodariziwa kichwani, anafuta vikombe ambavyo vilishakauka.

"Karibu mama. Kahawa ya hapa hapa, nakaanga mwenyewe."

Niliagiza espreso kwa mazoea tu. Tumaini nilikuwa nimeliacha Hamugembe kwenye migomba. Alipoiweka mbele yangu sikuinama wala sikufumba macho, nilikuwa naangalia mvua. Nikainua kikombe ninywe yaishe.

Moshi.

Nikakishusha. Nikageuka nyuma kutazama kama kuna moto. Hakuna kuni, hakuna jiko, ni mvua na lami na watu waliojibanza chini ya paa. Nikakiinua tena, polepole, naogopa kupumua nisije nikaifukuza. Moshi! Moshi wa kuni mbichi, jiko la bibi siku ya mvua, macho yanawasha na hakuna pa kukimbilia.

"Mawe!" nilipiga kelele, mama wee ya Kihaya. "Kahawa yako inanuka moshi!"

Yule bwana akaja mbio. "Mama, taratibu, wateja wanasikia."

"Wacha wasikie! Mwanangu, kahawa hii mbovu! Mbovu kabisa! Inanuka moshi mpaka inatia aibu!" Na machozi yananitiririka, na nacheka, na nimemshika mkono simwachii. "Niletee nyingine!"

"Astaghfirullah," akasema. Akautoa mkono wake, akakunja mikono kifuani. Alikuwa ameumia, niliona. "Unaisema mbovu mbele za watu, halafu unataka nyingine?"

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, mafua, kijiko, ghala, Jumatatu, na mji mzima wa Bukoba unaodhani mimi ni mtu wa kodi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, na hata jina lake sikulijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Lakini, mama, ina moshi kweli?"

"Inao. Buni zako unazihifadhi wapi?"

Akanieleza. Baba yake ana asili ya Pwani, watu wa kunywa kahawa. Mama yake ni Mhaya, mtu wa kuitafuna. Na magunia yake yote anayaweka nyumbani kwa mama, kwenye uchaga juu ya mafiga, mahali ambapo bibi zake tangu zamani wameweka akamwani yao isiingiliwe na wadudu.

"Kwa akamwani ni sawa," nikamwambia. "Kwa mashine yako hapana. Kahawa inavuta kila harufu inayopita karibu yake. Siku zote hizi unawauzia watu jiko la mama yako."

Akashika kofia kwa mikono miwili. "Kumbe! Ndiyo maana mtu anakuja mara moja harudi. Nilidhani mashine. Nilishataka kuiuza." Akapumua kwa nguvu, nikaona mabega yake yanashuka. "Basi leo leo nazitoa kule."

"Zitoe. Lakini kwanza niletee nyingine ya hii hii."

Kikombe cha pili nilikinusa bila haraka. Moshi ulikuwepo, mbaya vile vile, Mungu aubariki. Na chini yake, mbali kidogo, kulikuwa na kitu kingine, tunda lililokauka juani, na kitu kama gome la mti. Nikamwambia, chini ya moshi una kahawa nzuri. Sikumbembeleza. Sijui kubembeleza kuhusu kahawa.

Mvua ilikatika, nikapanda bodaboda kwenda Buganguzi huku nimefungua mdomo na pua kama mbwa. Tope! Majani ya migomba yaliyolowa! Petroli! Jasho la dereva! Kila kitu kilikuja hafifu, kinakuja na kuondoka, lakini kilikuja.

Mama alinipokea mlangoni kama kawaida, tukasalimiana kwa Kihaya, akanikalisha, akaenda jikoni. Nilikuwa napanga nianzie wapi kumsimulia. Akatoka na kikombe cha chai kwenye sinia, na kabla hajafika nusu ya chumba, harufu ikanifikia.

"Mama, waitu! Maziwa haya yameungua!" nikasema. "Tangu niko mtoto nasema siwezi kunywa maziwa yaliyoungua. Na hiyo sufuria umeisugua lini? Hii si chai, hii ni adhabu!"

Mama akasimama pale pale. Akaweka sinia chini taratibu, akakaa mkekani, akajifunika mdomo na upindo wa kanga. Nikaogopa. Nikadhani leo nimevuka mpaka. Nikapiga magoti mbele yake kumwomba radhi, na ndipo nikaona anacheka huku analia.

"Imerudi lini?" akaniuliza.

"Nini?"

"Pua, mwanangu."

"Leo," nikasema. "Leo Muleba. Mama, ulijuaje?"

"Ulipokuja safari ile baada ya mafua, maziwa yaliniungua kwa bahati mbaya. Nilikuletea kwa aibu, nasubiri kelele. Ukanywa yote. Ukasema, asante mama, chai nzuri." Akafuta macho. "Nilirudi jikoni nikakaa chini. Tangu siku hiyo kila ukija nayaunguza makusudi, na kila ukinywa ukasema asante, silali."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Hakungoja jibu. Alichukua simu yake ndogo dirishani, akapiga, akaweka sauti kubwa kama afanyavyo siku zote. Aliyepokea alikuwa mume wangu.

"Baba, habari za huko," mama akasema. "Kanigombeza."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu upande wa pili.

"Kakugombeza kweli, mama?"

"Kanigombeza. Maziwa, na sufuria juu yake."

Nilimsikia mume wangu akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua gunia.

"Basi mpe simu, mama," akasema. "Nami anigombeze kidogo."