Pua ya Kitinda

Mama wa nyumba hii alikuwa mshonaji wa sare za shule, na watu wake walimwita Askari. Jina hilo alipewa na mumewe, fundi wa matairi, kwa kuwa mwanamke huyo hakuweza kulala kabla hajagusa kila komeo, na mtu akikohoa chumba cha pili, yeye alikuwa tayari ameketi kitandani ametega sikio.

"Ukitaka kuiba hapa kwangu," mumewe aliwaambia wageni, "anza kumwiba Askari. Vingine vitabebeka vyenyewe."

Wageni walicheka. Askari alicheka nao, kisha akainuka kwenda kuhakikisha mlango wa uani umefungwa.

Mtoto wao wa mwisho, Kitinda, alikuwa akisomea chakula na lishe chuo kikuu. Mwaka huo ulikuwa wa mafunzo kazini, mwaka mzima nje ya darasa, na asiyeufaulu hapati shahada hata kama mitihani yote kaipita. Alipelekwa kwenye kiwanda kinachotengeneza unga wa uji wa watoto waliokonda, unga wa nafaka, maziwa na karanga ambao kliniki huwagawia akina mama. Siku za mwanzo walimpa chupa nyeusi zisizoonyesha kilichomo, wakamwambia anuse ataje. Akazitaja zote. Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Huyu ni mtoto ambaye tangu mdogo alikuwa hanywi maji mpaka kwanza atie pua kwenye kikombe.

Basi wakamweka kwenye jopo la waonjaji. Kila unga mpya ukitoka kwenye mashine, waonjaji hukaa kila mmoja kwenye kibanda chake, asimwone mwenzake, wakaletewa uji kwenye vikombe vyenye namba. Hunusa, huonja, hutema, huandika. Wengi wakisema mzuri, unga unapita.

Askari aliibadilisha nyumba nzima kwa ajili ya kazi hiyo. Siku za kuonja ilikuwa marufuku sabuni ya manukato, marufuku vitunguu saumu, na baba wa nyumba alivulia viatu vyake nje.

"Yaani leo nafukuzwa na pua ya mtoto niliyemzaa mwenyewe!"

"Hukumzaa wewe," Askari alimjibu. "Wewe ulisubiri nje, kama hivyo ulivyo sasa."

Halafu Kitinda akashikwa na mafua, makali, ya kumlaza kitandani. Akapona, akarudi kazini. Lakini tangu hapo Askari akaanza kuona vitu. Aliona binti yake akimimina kwenye chai maziwa yaliyokwisha kuharibika, akanywa mpaka mwisho. Alimwona akivaa blauzi iliyokaukia ndani siku za mvua, ikanuka kama tambara la kudekia. Na soksi za baba yake, ambazo zamani zilikuwa ugomvi, sasa zilianikwa kwenye kiti pembeni yake wala hakugeuza shingo.

"Umepona kweli wewe?"

"Nimepona, mama. Hebu acha kunichunguza."

Askari aliacha kuuliza. Kuchunguza hakuacha.

Jumapili moja alasiri alikuwa akirudi kutoka kumpelekea mteja sare zake. Hata kabla hajasukuma mlango, harufu ikampiga usoni. Gesi. Ilikuwa nzito mpaka koo lilimwasha. Ndani, Kitinda alikuwa ameketi jikoni, karatasi za ripoti zimetapakaa mezani, birika liko juu ya jiko, na mkononi ameshika kijiti cha kiberiti.

"Weka chini!"

"Nini tena, mama?"

"Kiberiti! Weka chini! Usiguse kitu, toka nje!"

Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake. Alifunga mtungi, akafungua madirisha yote, akamkuta binti yake uani amesimama kando ya kamba ya nguo, amekunja uso kama mtu aliyeonewa. Swichi ya jiko ilikuwa imegeuka kidogo, labda kitambaa kiliivuta. Askari alishika ukuta.

"Ulikuwa humo tangu nilipotoka?"

"Ndiyo."

"Na husikii harufu?"

"Nilisikia kidogo."

"Kidogo? Jirani wa nyumba ya tatu anasikia!"

Askari alimsogelea, akamwekea kiganja chake chini ya pua.

"Mkono wangu unanuka nini?"

Binti alivuta pumzi. Macho yake yakatafuta jibu usoni kwa mama yake.

"Sabuni."

Mkono ule ulikuwa unanuka mafuta ya cherehani. Asubuhi yalikuwa yamemmwagikia kiganja kizima.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua. Daktari wa chuo alisema harufu itarudi. Alisema nisubiri. Nasubiri."

Askari akaisahau gesi.

"Na kule kazini? Ukiletewa vile vikombe unafanyaje?"

"Naangalia rangi. Naangalia kama umeshikana vizuri. Halafu naandika."

"Unaandika nini, Kitinda?"

"Naandika kwamba mzuri. Huwa ni mzuri, mama! Siku zote huwa ni mzuri."

Lakini Askari alimjua mtoto wake. Alisubiri, na kilichobaki kikatoka chenyewe. Ijumaa waonjaji wawili hawakuja, wakabaki watatu. Mmoja wao, mzee wa zamani hapo kiwandani, aliandika kwamba karanga zimevunda na uji una uchungu. Mwingine, kijana mgeni kwenye kazi hiyo, aliandika mzuri. Kitinda naye akaandika mzuri. Wawili kwa mmoja. Unga ukapita, ukatiwa kwenye magunia, na Jumatatu asubuhi lori lingeupeleka kwenye kliniki.

Aliporudi mumewe, Askari alimweleza huku anashona.

"Kwani kiwanda kizima hakina mashine?" aliuliza baba.

"Ipo maabara," alisema Kitinda. "Inapima sumu ya ukungu, na hiyo haikuonekana. Lakini karanga zilizovunda zinajulikana kwa pua. Baba, unga huo hauui mtu. Sana sana mtoto ataukataa."

Cherehani ikasimama.

"Mtoto aliyekonda akikataa uji," Askari alisema, "atakula nini?"

Askari alikuwa akimwangalia binti huyu mkubwa mwenye vitabu, lakini alichokiona ni kichanga alichokipakata zamani, Kitinda huyo huyo, kilichodhoofishwa na kuhara, kinachogeuza uso kila kijiko kikikaribia, mbavu zinahesabika, na yeye anakililia kinywe japo tone. Woga ule haukuwahi kumtoka mwilini. Ulihamia tu kwenye makomeo.

"Mpigie simu msimamizi wako sasa hivi."

"Nikimpigia leo, kesho sina kazi. Nisipomaliza mwaka huu narudia wote, na chuo wanaweza kunifukuza kabisa kwa udanganyifu. Unataka hivyo?"

Hapana, hakutaka hivyo. Na hili ndilo lililomtisha zaidi ya gesi, kwamba kwa kitambo kidogo moyo wake ulimwambia anyamaze. Mzee wa watu si amekwisha sema? Wakubwa wa kiwanda si wana macho? Kwa nini mwanawe peke yake ndiye aangukiwe na dari? Aliinamisha kichwa kwenye cherehani ili binti yake asiyaone mawazo hayo.

"Kesho nitasema," Kitinda alisema. "Nitasema mwenyewe."

"Umesikia, Askari," alisema baba. "Mtoto kasema atasema. Tulale."

Asubuhi, Kitinda alipovaa viatu, alimkuta mama yake amekwisha vaa vyake.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Mama, nina miaka ishirini na tatu!"

"Nitatembea nyuma."

Na kweli alitembea nyuma, hatua chache, kama mtu asiyehusika. Langoni kwa kiwanda lori lilikuwa limekwisha pakiwa, turubai limefungwa kamba. Kitinda alisimama akalitazama. Askari alidhani atageuka. Ulimi ulimwasha amwambie mlinzi, amalize mambo, lakini aliuma meno. Maneno hayo yakitoka kwake, binti atabaki mtu aliyekamatwa. Mwishowe Kitinda akaonyesha kitambulisho, akaingia bila kuaga.

"Na wewe mama, umekuja kuomba kazi?" mlinzi alimtania.

"Nimemleta mtoto."

"Mtoto mwenyewe mrefu kuliko mimi!"

Askari hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wa ofisi. Haukufunguliwa. Dereva akapanda, akawasha injini. Mlango bado. Mlinzi akashika kizuizi cha lango, akaanza kukiinua, na lori likaja taratibu. Labda mtoto amejifungia chooni. Labda amekaa kwenye kibanda chake anasubiri vikombe vipya. Lori lilipofika usawa wake, alijiona ameinua mkono.

"Dereva! Tairi la nyuma limelala!"

Mume wake amekuwa akiziba matairi maisha yake yote, na yeye alikuwa hajapata kusema uongo hata mmoja juu ya tairi. Dereva alishuka, akazunguka, akalipiga teke.

"Mama, hili ni gumu kama jiwe."

"La ndani. Angalia la ndani."

"La ndani nalo zima. Unaumwa macho?"

"Angalia na upande wa pili, baba. Njia ni ndefu."

Dereva akasonya, lakini akainama. Bado ameinama chini ya lori, simu ikalia kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akateremsha kizuizi.

"Rudisha nyuma. Wanasema mzigo ushushwe."

"Ushushwe? Nimeupakia kutwa nzima ya Jumamosi!"

"Usiniulize mimi. Mimi ni wa lango."

Askari aliketi kwenye ukingo wa mtaro, pale pale, na gauni lake la kutokea.

Baadaye sana msimamizi alitoka, mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe, na Kitinda nyuma yake, macho mekundu.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ni mimi."

"Amenieleza yote. Kila unga aliouonja tangu augue utaonjwa upya, na uliokwisha toka tutaufuata kliniki tuurudishe. Yeye kuonja hataonja tena. Kuhusu mwaka wake, chuo ndicho kitakachoamua, na nitaandika yote, ya kuficha na ya kusema. Siwezi kukuahidi kitu, mama."

"Nimeelewa. Asante."

Msimamizi aliondoka. Nyuma yao vibarua walianza kufungua turubai, wakilaumiana nani aanze kubeba. Askari alitafuta la kumwambia mwanawe. Alitaka kumwambia chuo kitamhurumia, lakini hakuwa na hakika, na uongo wa siku hiyo alikuwa ameutumia.

"Hujala tangu jana. Huna njaa?"

"Sijui. Chakula chote ni kama karatasi." Kitinda aliangalia chini. "Mama, mimi siogopi chuo peke yake. Naogopa haitarudi. Ukinipita nyumbani najua ni wewe kwa sababu nakuona tu. Nikifumba macho, hakuna harufu yako, hakuna mtu."

Askari, ambaye hakukosa jambo la kuhofia maisha yake yote, hili hakuwahi kulifikiria. Alikuwa amemchunguza mtoto huyu kwa wiki nzima nzima, asijue kwamba yuko peke yake kiasi hicho. Alimshika mkono, akaufunga ndani ya mikono yake miwili, akaukaza mpaka binti akasema unaniumiza.

"Sawa," Askari alisema, lakini hakuulegeza.