Mia kwa Mia na Ubao wa Sabini

Baba yangu mdogo ana kipaji kimoja tu, kujisifu, na hicho anakitumia vizuri kweli. Mtaani anaitwa Mia kwa Mia. Chai yake lazima ijae mpaka imwagikie sahani, redio lazima ipige mpaka jirani agonge ukuta, na shati analifunga vifungo vyote hadi macho yanamtoka. Ukimpa nusu ya kitu chochote umemtukana.

Yeye ni msimamizi wa zamu kwenye kituo kinachopokea umeme kutoka bwawani, mbali huko. Umeme wenyewe unakwenda upande mmoja tu kama wa betri, ila huu usiusogelee! Waya ukipata hitilafu, mashine haimsubiri mtu. Inakata umeme, inatulia kidogo tu cheche ipoe, hata hujapepesa jicho, halafu inawasha. Ikikataa, inajaribu tena. Ikizidi kukataa, inawasha umeme uliopunguzwa nguvu, sabini badala ya mia, kama mgonjwa anayeanzishiwa uji. Watu wanabaki na taa zao, raha tupu.

Sasa Mia kwa Mia hiyo hatua ya uji ilikuwa inamkera. Wakubwa walikuwa wanakuja kuangalia nani awe mkuu wa kituo, na kile kiti alikitaka kufa na kupona. Suti alishashona.

"Waje wakute ule ubao wa namba ukutani umeandika sabini? Kwangu mimi?" alisema mezani, mdomo umejaa wali.

"Si bora sabini kuliko giza?" mama mdogo akamuuliza.

"Mke wangu, wewe pika."

Akaenda akaifuta ile hatua kwenye mashine. Jamani!

Siku ya ugeni familia tulialikwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kupanda gari, nikose vipi? Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Vile vikombe vinavyoshikilia waya kwenye nguzo vilikuwa vimejaa vumbi la kiangazi, na vumbi likilowa, umeme unateleza juu yake unarukia chuma. Mbaya zaidi, waya wa pili ulikuwa kwenye matengenezo.

Injinia mwenzake, dada mmoja mwenye miwani, akamvuta pembeni. "Kaka, rudisha ile hatua. Vikombe vichafu leo, mia haviwezi."

"Wewe umezoea nusunusu. Hata keki ya harusi yako tulikatiwa nusu."

"Na wewe ulikula vipande vitatu. Rudisha, kaka."

Hakurudisha. Wageni wakaingia, akasimama mbele ya ubao kama bwana harusi. "Waheshimiwa, hapa kwangu ni mia kwa m..."

Kengele ikalia. Ubao ukashuka sifuri, ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena, ukashuka. Halafu kimya, hata mngurumo wa mashine za nje ukakatika. Nusu ya mji ikalala giza, na baba mdogo anabonyeza vitufe kama mtoto aliyepewa simu ya mama yake.

Mkubwa mmoja akauliza, "Mbona haikuwasha kwa nguvu pungufu?"

"Ile... niliiondoa, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Inapunguza heshima ya kituo."

Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya mama mdogo, kumbe na yeye mabega yanatikisika!

Yule dada akapiga simu bwawani wakubaliane, akairudisha hatua, wakawasha. Ubao ukapanda taratibu ukasimama sabini. Wageni wakapiga makofi. Sabini, jamani, inapigiwa makofi!

Kiti kikaenda kwa mtu wa kituo kingine. Mia kwa Mia akapewa kusimamia kikosi cha kuosha vikombe, nguzo hadi nguzo, mpaka mvua zije zimsaidie.

Jioni alikaa mezani na suti yake, kola imelegea. Mama mdogo akammiminia chai, akaishia katikati ya kikombe, akaweka birika chini.

Baba mdogo akaichungulia. Akainywa.