Lengalenga Niliyopelekea Muzazi

Nilimwaga ile chupa ya dawa ya mboga pa miguu ya muuzishaji, soko muzima ikageuka kuniangalia. Nikamwambia: "Kunywa basi! Si ulisema ni vitamini?"

Akacheka. "Mama, mi nauzisha tu. Wewe njo ulipikia muntu."

Bandugu, ile ilinichoma juu ni kweli. Mi njo nilikosa!

Niko na bustani kidogo mu parseli yetu, pa kiwanja ya nyumba, mutaa wa Bel-Air. Udongo iko nguvu kama jiwe, lengalenga, ile mchicha yetu, inatoka ya manjano. Mama mukwe alinishauri: "Tia mavi ya kuku, ngoja." Kungoja, mi? Nilisoma biolojia ku sekondari, nikamuona mama ya zamani! Nikaenda kununua dawa ya kukuza mboga. Muuzishaji alinitilia mu chupa ya maji, etiketi hata moja. Sikuuliza jina. Akasema ni vitamini, nimwangilie majani kila mangaribi juma moja, kisha asubui nivune.

Na majani ikakuwa, weee! Mipana, inang'aa, bajirani banasimama kuuliza. Chini, mizizi ilikuwa inaoza, lakini nani anaangalia mizizi?

Mavuno ya kwanza, kwetu tunapelekea mama muzazi. Ginette, mudogo ya bwana yangu, alikuwa ametoka kuzala. Nikamupikia lengalenga na karanga ili maziwa ishuke. Mi mwenyewe sikuonja.

Akatapika mpaka akazimia. Ku hopitali munganga akauliza alikula nini. Bandugu ya bwana yangu bakakumbuka bukari, ugali, ya Mama Astrida, kizee wa jirani, naye alileta sahani siku ile. Na mi, baliponiita hopitali, nilikuwa nimeacha nyumbani kuku zetu zimekufa pembeni ya mashina ya ile lengalenga. Nilijua!

Niliogopa bwana yangu, niliogopa kuitwa muuaji. Nikaacha baite Mama Astrida mulozi, mchawi.

Ginette alipona, lakini maziwa ilikauka. Mutoto iko anakonda mbele ya macho yetu. Mama Astrida, balimutupia mawe ku bati ya nyumba yake. Yeye njo alinifundisha kufunga mutoto ku mugongo! Alihamia muji wa Likasi, hata kuaga hapana.

Bamama, acheni hizi dawa za chupa! Mboga inakuwa mbio kwa macho tu. Na ukikosa, sema pale pale, kabla bapige mwengine mawe.

Kutoka soko nilikwenda mbio ku polisi, bwana yangu, nilikutana naye njiani, nyuma, anafikiri niko na hasira juu ya mudogo wake tu. Polisi akaanza kuandika plenti, mashitaka, juu ya muuzishaji.

"Na chakula alikula mugonjwa, nani alipika?"

Bwana yangu akajibu: "Ile kizee."

"Hapana," nikasema. "Andika mi. Andika tena Mama Astrida hakufanya kitu."

Bwana yangu akatoka inje bila kunitazama. Polisi akasukuma karatasi kwangu. Nikasaini.