Nchi ya Chini ya Meza

Dada yangu ni fundi nguo, na mwaka huu akajitia kuandika kitabu cha watoto. Alikiandika katika daftari lile lile la vipimo vya wateja, kwa hiyo unasoma habari za vita, mara unakutana na kiuno cha jirani.

Kitabu chenyewe ni mchezo wetu wa utotoni. Mama naye alikuwa fundi, na vitambaa vilining'inia kutoka kwenye meza yake ya kukatia hadi sakafuni. Chini yake tulikuwa na nchi yetu sisi watatu: dada, mimi, na binamu yetu tuliyemwita Upepo. Vifungo vilikuwa raia, na cherehani ya mama ikinguruma, ilikuwa radi. Mama akiuliza tunafanya nini, tunajibu, "Hakuna kitu."

Upepo alizaliwa na miguu dhaifu. Nje tulimbeba mgongoni. Lakini chini ya meza sote tulitambaa, na barua za serikali alizipeleka yeye, maana hakuna aliyemfikia kwa mbio. Mimi nilikuwa mlinzi wa mpaka, mwoga. Kitabuni bado ni mwoga, na nimeshamwambia dada sijapenda.

Mchapishaji alikitaka kitabu, ila dada akagoma kukitoa. Siri ilikuwa ya watatu. Upepo akikataa, basi. Tukampelekea dukani kwake, anakotengeneza redio. Alisoma huku akicheka peke yake. Dada alikuwa anakula kucha. Kufika ukurasa wa mwisho, kicheko kikamkatika. Pale dada alikuwa amemfanya asimame na kutembea, raia wote wakimpigia makofi. Maskini, alidhani anampa zawadi.

"Dada, hapa nani kasimama?"

"Wewe."

"Kule hakusimama mtu. Tungepasuka vichwa." Akavua miwani. "Kumbe siku zote zile mlikuwa mnanionea huruma?"

Nilitamani ardhi inimeze. Dada, uso umemshuka, akapandisha sauti.

"Huruma gani? Nilikuwa sikupendi hata kidogo. Kila siku barua wewe, kila siku wewe. Ukishaondoka nilikuwa natambaa peke yangu ukumbini, nafanya mazoezi ili nikupite. Sikukupita hata mara moja."

"Unanidanganya."

"Muulize huyu."

"Kweli," nikasema. "Magoti yalimchubuka, mama akawa anampaka dawa bila kujua sababu."

Upepo alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka akajifuta machozi, na dada naye akafuta ya kwake, ingawa yeye hakuwa anacheka.

"Miaka yote hii," Upepo akasema, "hukuniambia kwamba nilikushinda." Akamsukumia daftari. "Andika hilo. Halafu kipeleke."