Mashuka ya Wageni

Mtaani walimwita Bi Kabati, wala hakuchukia. Alikuwa fundi wa mapazia, mkono wake hauna mpinzani, na karibu kila alichopata kiligeuka kuwa chombo: seti za sahani, chupa za chai, mataulo, mito ya makochi. Makabati yalijaa pomoni, hata kufika kitandani ilibidi mtu apite ubavuubavu. Mumewe, dereva mstaafu, alikuwa akimtania, "Mke wangu, iko siku tutalala nje sisi, makabati yalale ndani."

Dada yake mkubwa, mkunga na mjane, alikuwa vivyo hivyo. Kwa kupenda vitu walikuwa kama kurwa na doto. Dada akaugua, akadhoofu, akafariki. Msiba ulipotulia, Bi Kabati na mpwa wake, binti pekee wa marehemu, walifungua chumba chake wapange vitu.

Chini ya kitanda walivuta masanduku. Ndani yalikuwa mashuka matupu, yangali kwenye nailoni za dukani. Bi Kabati alichana nailoni moja, akakunjua. Shuka lilikuwa limeshika umanjano kwenye mikunjo, na alipolivuta kidogo likachanika mstari mzima, kama karatasi. Akachukua jingine. Nalo hivyo hivyo.

"Haya aliyanunua lini?"

"Nilikuwa bado nasoma, mama mdogo. Alisema ni ya wageni."

"Wageni gani?"

Binti akainamisha kichwa. "Sijui. Alipozidiwa nilitaka kumtandikia moja. Lile alilolalia lilikuwa na viraka, linamkwaruza mgongo. Akanikatalia. Akasema yatachafuka."

Bi Kabati akakaa sakafuni. Viraka vile alivishona yeye mwenyewe, huku akimsifu dada yake kwa kujua kutunza vitu. Kilio ambacho hakikumtoka makaburini kilimtoka pale, na binti akakaa kando yake, akamshika mkono.

Alirudi kwake, zikapita siku kadhaa. Kisha asubuhi moja mumewe alikuta vitu vimejaa uani.

"Unahama?"

"Vinahama hivi. Mimi nipo."

Sahani zikaenda kwa jirani aliyeoa juzijuzi. Mataulo, na mashuka yake mwenyewe yaliyokuwa mazima, yakaenda wodi ya wazazi alikofanya kazi marehemu. Lakini asikudanganye mtu kwamba ilikuwa rahisi. Birika moja la maua alilitoa, akalirudisha, akalitoa tena, mpaka jirani akacheka: "Bi Kabati, baki nalo tu, naona linakutoa roho." Akabaki nalo, aibu imemjaa. Mumewe naye, aliyekuwa akishangilia, alinuna kutwa nzima redio yake mbovu ilipoguswa. Wifi yake alikuja juu: "Umefilisika au umerogwa?" Bi Kabati akaendelea kufungasha.

Muuza vyombo alipopita mlangoni na beseni kichwani, Bi Kabati alimwambia, "Leo sina haja, mwanangu."

"Nipite kesho, mama?"

"Pita unisalimie."

Hata kazini alibadilika. Mteja alipotaka mapazia mapya, alimgeuzia yale ya zamani na kumwonyesha. "Haya bado mazima. Yafue, nitakupindia upya ncha." Wengine walimshukuru, wengine walienda kwa fundi mwingine, na kazi ikapungua. Hilo nalo alilimeza.

Jumapili moja mpwa wake alikuja kumtazama. Walikaa chini kwenye mkeka, mahali lilipokuwa limesimama kabati kubwa kabla ya kutolewa.

"Mama mdogo," binti alisema, "ningemlazimisha mama siku ile. Ningetandika shuka jipya tu, akasirike akitaka."

Bi Kabati akatikisa kichwa. "Asingekubali, mwanangu. Hata mimi wakati ule nisingekubali."

Binti alilia kidogo, akajifuta. Mlangoni mume wa Bi Kabati alikuwa akisuuza vikombe wanywe chai. Vilikuwa vimebaki viwili tu, kwa hiyo aliwapa wao kwanza, akakaa kizingitini kusubiri zamu yake.